Saa za shimoni zinahesabiwa wapi? LMD na somo la akiolojia, tukiangalia kutoka Lubumbashi

Binti wa kaka yangu anasoma historia katika chuo kimoja hapa Lubumbashi. Jumapili moja alikuja kwangu na karatasi ya masomo, jedwali lenye majina upande wa kushoto na tarakimu ndogo upande wa kulia: 3, 4, 2, 5. Chini kabisa, kwa wino mzito, 30. Akaiweka mezani, akapitisha kidole mstari kwa mstari mpaka mwisho, kisha akaniuliza: "Baba mudogo, ile kuchimba banaihesabia wapi?"

Tukatafuta pamoja. Somo la akiolojia lilikuwemo, limepewa tarakimu yake kama mengine. Kuchimba hakukuwemo. Kwa ile karatasi, angesoma habari za vigae muhula mzima bila kushika kigae hata kimoja.

Sikuwa na jibu. Nikamwambia aniachie ile karatasi, na nimekaa nayo muda mrefu kuliko nilivyoahidi. Swali lake ni fupi, lakini ukiuvuta uzi wake unafumua mfumo wote: vyuo vyetu sasa vinapima nini, kwa nini kipimo hicho kinaikaa akiolojia vibaya kuliko masomo mengine, na mfuko wa nani unafunguliwa wanafunzi wakitoka darasani.

Herufi tatu

LMD ni Lisansi, Masta, Doktora. Kabla yake tulikuwa na gradua ya miaka mitatu, kisha lisansi ya miaka miwili juu yake. Zamani mtu akisema "niko lisansi", ulijua yuko mwaka wa nne au wa tano, ameshaitetea kazi yake ya kumaliza gradua, na nyumbani wameanza kumpa kiti. Leo lisansi ndiyo ile miaka mitatu ya mwanzo, na miwili ya juu inaitwa masta. Jina limeshuka ngazi moja bila kubadili sura, ndiyo maana kwenye matanga na harusi utasikia wazee wakibishana kama mtoto wa fulani amemaliza au hajamaliza.

Sheria ya msingi ya elimu ya tarehe 11 Februari 2014 ilifungua mlango, na utekelezaji wa nchi nzima ulianza na mwaka wa masomo 2021-2022. Chanzo chenyewe kiko mbali. Mwaka 1998 mawaziri wa Ufaransa, Ujerumani, Italia na Uingereza walikutana Sorbonne, Paris. Tarehe 19 Juni 1999 nchi 29 za Ulaya zikatia saini tamko mjini Bologna. Walitaka mwanafunzi aanzie masomo nchi moja na kuyamalizia nyingine bila kurudishwa nyuma. Ubelgiji, iliyoanzisha chuo kikuu hapa mjini katika miaka ya 1950, iliingia kwenye mfumo huo mwaka 2004. Sisi tukabaki tumevaa kanzu ambayo mshonaji mwenyewe ameacha kuishona.

Moyo wa LMD ni krediti, na hapo ndipo wazazi wengi hupotea. Semesta moja ni krediti 30, mwaka 60, lisansi nzima 180, masta 120. Krediti haipimi maneno ya mwalimu. Inapima kazi ya mwanafunzi: saa za kukaa darasani, saa za maabara, saa za kusoma peke yake usiku na mshumaa SNEL ikikata umeme. Ulaya krediti moja ni saa 25 hadi 30 za kazi hiyo. Kwa hesabu za makala haya nachukua 25.

Tulipokuwa sisi wanafunzi, hesabu ilikuwa nyingine. Somo lilitajwa kwa saa za mwalimu: 45 za nadharia, 15 za mazoezi. Profesa akimaliza saa zake, somo limekwisha, na wewe ulichofanya nje ya ukumbi kilikuwa siri yako na silabasi yako iliyorudufiwa hadi herufi zikafifia. Kwa hiyo mageuzi yamebadili swali linaloulizwa. Kwa mwanafunzi wa falsafa au sheria, mabadiliko hayo si makubwa sana. Atasoma vitabu vile vile. Kwa mwanafunzi wa akiolojia yamegusa mfupa, kwa sababu kazi yake kubwa haijawahi kuwa ya ukumbini.

Udongo unaodanganya

Wanafunzi wa Katanga hawahitaji kwenda Misri kutafuta mfano. Kule kaskazini, kwenye bonde la Upemba ambako Lualaba hujitandaza kuwa maziwa na mabwawa, kuna Sanga, kando ya ziwa Kisale. Mwaka 1957 na 1958 Jean Hiernaux, Jacques Nenquin na wenzao walifukua makaburi ya kale pale, kazi iliyohusisha moja kwa moja chuo kikuu cha mji huu ambao wakati huo uliitwa Elisabethville. Katika miaka ya 1974 na 1975 mwanaakiolojia Pierre de Maret alikwenda bondeni, akachimba Sanga tena na sehemu nyingine kama Katongo, Kamilamba, Kikulu na Malemba Nkulu. Kutokana na makaburi hayo tukapata mfululizo wa watu walioishi bonde moja tangu karne ya 6 au ya 7 hadi karibu na nyakati za babu zetu. Ni mfululizo wa nadra katika Afrika ya kati, na ndio unaotuwezesha kusema kwamba mizizi ya ufalme wa Waluba inafika mbali kuliko masimulizi ya mdomo yanavyokumbuka.

Sasa tazama jinsi ujuzi huo ulivyopatikana. Misalaba midogo ya shaba, ile ambayo mitatu yake iko kwenye bendera ya Katanga, ilikutwa ndani ya makaburi mengi. Tangu zamani watu walijua kwamba ilikuwa mali. Kilichoongeza maarifa ni kujua mahali. Misalaba ya zamani zaidi ni mikubwa na michache. Kadiri karne zinavyosonga inazidi kuwa midogo, inalingana ukubwa, na inawekwa karibu na mikono au kiunoni mwa marehemu, mahali ambapo mtu angeshika au kufunga fedha zake. Kitu kilichoanza kama alama ya heshima kikageuka sarafu. Mchimbaji mwenye haraka angeitoa ile misalaba yote, akaiosha, akaipanga kwenye sanduku, na historia hiyo ingekuwa imepotea siku hiyo hiyo. Misalaba ingebaki, tena inang'aa. Habari yake ingekwenda na udongo.

Kujua mahali kunafundishwa kwa mkono. Unaweza kumweleza mwanafunzi kwamba tabaka ni tabaka, ukamchorea ubaoni mistari mizuri, mmoja wa njano, mmoja wa kahawia. Akifika uwanjani anakuta wekundu mtupu kutoka juu hadi chini. Udongo wa kwetu ni mwekundu pote, na ukikauka unafanana wote. Lazima umwagie maji kidogo, ukwangue kwa mwiko, usubiri, utazame kwa jicho la pembeni jua likiwa chini, ndipo unaona duara jeusi kidogo la shimo la nguzo iliyooza miaka mia nane iliyopita. Na ukishaliona, unajiuliza kama si njia ya mchwa.

Mchwa si mzaha. Pale Gombe, Kinshasa, sehemu iliyochimbwa kwanza katika miaka ya 1920, mwanaakiolojia Daniel Cahen alichimba tena mwaka 1973 na 1974. Akajaribu kuunganisha vipande vya mawe vilivyochongwa na watu wa kale, kama mtu anayeunganisha sahani iliyovunjika. Vikaungana, ila vipande vilivyokuwa vya jiwe moja vilitoka kwenye kina tofauti kabisa, vingine juu, vingine chini sana. Maana yake mawe yalikuwa yametembea ndani ya mchanga, na mpangilio wa zama ambao watu walikuwa wakiusoma hapo kwa miongo mingi ukatikisika. Mimi naona hili ndilo somo kubwa kuliko yote ambayo Kongo imeipa akiolojia ya dunia, na ni somo ambalo mtu hulielewa akiwa amepiga magoti.

Hesabu ya shimo

Turudi kwenye karatasi. Tuseme wanafunzi kumi na wawili wanakwenda kuchimba majuma matatu. Wanafanya kazi siku sita kwa juma, saa nane kwa siku: kuchimba, kuchekecha udongo, kuchora, kuosha vigae, kuviandika namba jioni. Siku 18 mara saa 8 ni saa 144. Ukigawa kwa 25, ni karibu krediti 6. Hiyo ni moja ya tano ya semesta nzima.

Kwa mfumo wa zamani majuma hayo matatu yalikuwa kama hisani. Mwalimu mwenye moyo aliwachukua wanafunzi wake, waliporudi wakapewa maksi za mazoezi, au hawakupewa chochote zaidi ya malaria na hadithi za kusimulia. Kwa LMD, kwa mara ya kwanza, saa hizo zina haki ya kuandikwa. Ndiyo maana sikubaliani na wenzangu wanaosema LMD imeletwa kuua masomo ya namna hii. Kwenye maandishi, huu ni mfumo wa kwanza nchini unaoweza kusema kwamba mtu aliyeshinda shimoni amesoma sawa na aliyeshinda maktabani.

Tatizo ni kwamba lazima kuwe na mtu wa kuziandika. Na akiziandika, kuna mtego mwingine ambao haujadiliwi sana.

Ndani ya LMD masomo hufungwa mafungu. Fungu moja, ambalo wenyewe huliita UE, linaweza kuwa na vipengele viwili au vitatu, na mwanafunzi anapita fungu kwa wastani wake. Kipengele kimoja kikianguka, kingine kinaweza kukibeba. Chukua fungu lenye "Utangulizi wa akiolojia" na "Mazoezi ya uwanjani", vyenye uzito sawa. Mwanafunzi mwenye kumbukumbu nzuri anapata 15 juu ya 20 kwenye mtihani wa maandishi. Uwanjani anapata 6, kwa sababu alifika siku mbili na alikuwa akikanyaga kuta za shimo. Wastani wake ni 10 na nusu. Amepita. Krediti zote ni zake na hakuna atakayemnyang'anya, maana krediti ikishapatikana haifutiki. Miaka mitatu baadaye anaomba kibali cha kuchimba.

Uchimbaji ukiwekwa kuwa fungu lake peke yake, mambo yanageuka: anayefeli uwanjani amefeli, arudi uwanjani. Kwa hiyo uamuzi unaoonekana wa kiofisi tu, wa kuchora mstari wa jedwali hapa au pale, ndio unaoamua kama chuo kitatoa wachimbaji au wasimuliaji wa uchimbaji. Hakuna waziri anayekaa kuandika mstari huo. Unachorwa na idara, mchana mmoja wa joto, watu wakiwa wamechoka na wanataka jumla ifike 30.

Mvua, semesta na mafuta ya gari

Kuna jambo lingine ambalo Bologna hawakulifikiria, na hatuwezi kuwalaumu. Mvua zetu zinaanza kuelekea Novemba na kushika mpaka mwezi wa tatu au wa nne. Huchimbi wakati huo. Shimo linakuwa kisima, kuta zinaanguka, barabara ya udongo inameza gari, na bondeni Upemba maji yanapanda mpaka kwenye mashamba. Msimu wa kuchimba ni kiangazi, tangu mwezi wa tano mpaka wa tisa, na mzuri kuliko yote ni Juni mpaka Agosti, baridi ya asubuhi ikikata masikio.

Semesta mbili za LMD zinalala juu ya kalenda hiyo vibaya. Ya kwanza inaangukia mvua. Ya pili inakomaa kwa mitihani wakati ule ule ardhi inapokauka. Mwaka ukichelewa kuanza, na miaka yetu huchelewa kwa migomo na kwa mengine, mitihani inasogea hadi katikati ya kiangazi na kukila chote. Huko zamani, somo la mwaka mzima lilikuwa na nafasi ya kupumua: mwalimu alifundisha nadharia wakati wa mvua, akangoja ardhi ikauke, akatoka na watu wake kabla ya kufunga maksi. Semesta inataka somo lianze, liishe na lipimwe ndani ya miezi michache. Dawa ipo, nayo ni kuipa semesta ya pili shimo peke yake na kulipima mwishoni mwa kiangazi, lakini inahitaji chuo kikubali kwamba maksi za idara moja zitachelewa kuliko za wengine.

Halafu pesa. Saa za mwanafunzi kusoma peke yake ni rahisi kuziandika kwa sababu hazimgharimu mtu isipokuwa mwanafunzi mwenyewe. Saa za shimoni zina gharama: gari, mafuta, hema, chakula cha watu kumi na wawili, kitu cha kumpa mtemi wa kijiji kwa heshima yake, vibarua, mifuko, dawa. Na ukirudi na mkaa wa kale kwenye kifuko, kuujua umri wake kwa redio kaboni ni kuupeleka maabara ya ng'ambo na kulipa mamia ya dola kwa kipande kimoja. Wazazi wanalipa minerval, ada ya chuo, kwa shida. Idara za fasihi na historia hazina migodi ya kuwafadhili kama wenzao wa politeknik, kitivo cha uhandisi. Kwa hiyo uchimbaji mwingi uliofanyika nchini umetegemea miradi ya kutoka nje, hasa Ubelgiji, na wanafunzi wetu wakaingia humo kama mikono ya kusaidia. Wamejifunza mengi, sikatai. Baadhi ya wanaakiolojia wetu wazuri wamepita njia hiyo, na doktora zao wakazifanyia Brussels. Ila mradi ukiisha, shimo linafukiwa na somo linarudi kuwa silabasi.

Hapo ndipo mageuzi yanapogeuka kuwa maneno. Krediti ni ahadi ya kazi fulani. Ukiandika krediti 6 za uwanjani bila pesa za mafuta, wanafunzi watazitimiza kwa kwenda makumbusho ya mji mara mbili na kuandika ripoti. Makumbusho yetu yanastahili kutembelewa, lakini kutazama msalaba wa shaba nyuma ya kioo ni kazi nyingine.

Mageuzi ya kabla ya haya

Wanaodhani LMD ndiyo mageuzi ya kwanza kuigusa akiolojia hapa wamesahau mwaka 1971. Mwaka ule serikali ya Mobutu iliviunganisha vyuo vikuu vitatu, cha Kinshasa, cha Lubumbashi na cha Kisangani, kuwa Chuo Kikuu cha Taifa cha Zaire, UNAZA. Vitivo vikagawanywa: udaktari na sheria Kinshasa, saikolojia na ualimu Kisangani, na kitivo cha fasihi, pamoja na historia yake, kikaletwa Lubumbashi. Ikaendelea hivyo hadi 1981, vyuo vilipotenganishwa tena.

Lilikuwa agizo la kisiasa, na lilivunja mengi. Lakini kwa miaka kumi wanahistoria wa nchi nzima walikuwa hapa, mji mmoja na wanajiolojia, katikati ya ukanda wa shaba, wakati ule ule makaburi ya Upemba yalipokuwa yakichimbwa upya. Kama kuna mahali nchini ambapo akiolojia ingeweza kushika mizizi, palikuwa hapa. Ilibaki zaidi kuwa somo ndani ya historia, na chuma kikapoa.

Nalitaja kwa sababu LMD ina kitu ambacho kizazi kile hakikuwa nacho, na kwa maoni yangu ndicho chenye thamani kuliko vyote: krediti inaweza kuvuka ukuta wa kitivo. Mwanaakiolojia anahitaji kusoma udongo, na wanaoujua udongo wako jiolojia. Anahitaji kujua tanuru, na wanaojua tanuru wako metalejia. Anahitaji anthropolojia, mifupa, ramani za kompyuta. Kwa mfumo wa krediti, mwanafunzi wa historia angeweza kuchukua krediti 4 za jiolojia na zikahesabiwa kama zake. Kwenye karatasi ya binti yetu hakukuwa na hata moja ya namna hiyo. Ratiba za vitivo haziongei, na kila kitivo kinalinda walimu wake na mfuko wake kama shamba lenye mpaka wa miiba.

Majirani

Ulaya kwenyewe mambo hayakwenda shwari. Ujerumani walikuwa na shahada yao ya Magister, ndefu na huru. Ilipobadilishwa kuwa ngazi mbili, idara ndogo ndogo za akiolojia katika vyuo kadhaa zilijikuta zinaunganishwa kwenye programu moja pana. Uingereza pigo lilikuja kwa mlango wa ada: ilianza pauni 1,000 mwaka 1998, ikafika 9,000 mwaka 2012, na vijana wakaanza kuuliza kila somo litawarudishia nini. Mwaka 2021 chuo kikuu cha Sheffield kiliamua kuifunga idara yake ya akiolojia, mojawapo ya zilizosifika sana nchini humo. Kwa hiyo tukilia, tusilie kana kwamba tumerogwa sisi peke yetu.

Mfano unaonivutia zaidi uko karibu. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilianza kufundisha akiolojia kama programu mwaka 1985. Kijana wa Tanzania anaingia mwaka wa kwanza akijua kwamba anasomea akiolojia, na kwenda uwanjani ni sehemu ya shahada yake. Kwetu njia ya kawaida ni kuanza na historia, halafu utaalamu uje kwenye masta, baada ya miaka mitatu. Kwa mtu wa historia hakuna ubaya. Kwa mchimbaji, ni kama kumfundisha mtu kuendesha baiskeli kwa vitabu mpaka afikishe miaka ishirini na mbili.

Tangu Kongo itie saini mkataba wa Jumuiya ya Afrika Mashariki tarehe 8 Aprili 2022, mlango huo si ndoto tena. Jumuiya ilikwishatangaza mwaka 2017 kwamba elimu ya juu ya nchi wanachama ni eneo moja. Hesabu zenyewe hazifanani: Tanzania mwaka mmoja una krediti 120 za saa 10 kila moja, yaani saa 1,200; kwetu 60 za saa 25, yaani 1,500. Mtu akiona 180 kwenye cheti cha Lubumbashi na 360 kwenye cha Dar atadhani wetu amesoma nusu, kumbe kwa saa wetu amesoma zaidi. Kizuizi kingine ni kwamba wao hufundisha kwa Kiingereza, sisi kwa Kifaransa. Shimoni, hata hivyo, nadhani wangeelewana. Kigae ni kigae, na chekeche ni chekeche.

Nani atawaajiri

Swali la shemeji yangu, mama wa binti huyo, lilikuwa jepesi zaidi: mtoto wa kike, mji wa madini, na yeye anataka kuchimba vyungu?

Kanuni ya Madini ya mwaka 2002, iliyorekebishwa mwaka 2018, inasema kwamba mwenye kibali akikuta mali za urithi wa kitamaduni wakati wa kazi zake, asizihamishe, na awape serikali taarifa kwa maandishi bila kuchelewa. Kabla yake kuna amri yenye nguvu ya sheria ya tarehe 15 Machi 1971 inayolinda mali za kitamaduni. Sheria zipo. Lakini taarifa huandikwa na mtu aliyetambua kitu. Dereva wa tingatinga akipita juu ya rundo la mavi ya chuma na vipande vya mrija wa mvukuto, kwake ni mawe. Na hapa mjini kwenyewe, Naviundu, zimepatikana dalili za watu walioyeyusha shaba yapata karne ya 4, miaka zaidi ya elfu moja na mia tano kabla ya reli na Union Minière, kampuni ya madini ya wakoloni. Ukanda wote kutoka hapa hadi Kolwezi umejaa mashimo ya kale ya shaba, na mara nyingi ndiyo yaliyowaonyesha wazungu mahali pa kuweka migodi yao. Mgodi mpya ukifunguliwa leo, una uwezekano mkubwa wa kukaa juu ya mgodi wa zamani.

Kwa hiyo kazi ipo, kama serikali ikidai kwamba kila utafiti wa athari za mgodi uwe na sahihi ya mwanaakiolojia kabla ya tingatinga kuwashwa. LMD inapenda sana kusema kwamba masomo yaelekezwe kwenye ajira. Hapa kuna ajira ambayo sheria imeshaichungulia. Nilimweleza shemeji hivyo. Akasema sawa, lakini tingatinga linalipwa kwa siku.

Binti alirudi wiki iliyopita kuchukua karatasi yake. Nilikuwa nimeandika kwa penseli chini ya mstari wa mwisho: "Uchimbaji, fungu la peke yake, krediti 6." Akaitazama, akajumlisha kwa kichwa, akanicheka.

"Baba mudogo, inafika makumi tatu na sita. Makumi tatu njo mwisho. Tutatosha lisomo gani?"

Nikavuta kiti. Tukaanza kusoma majina ya masomo tena, kutoka juu, tukitafuta la kuondoa.